Kwa Nini Tunaitwa Wakatamnazi

Jumapili, mwezi wa Mei. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya kuudhi, hayanyeshi wala hayaachi.

Jana tumemzika baba.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaitazama, nikasubiri. Hakuna kitu. Nimekwenda jikoni nikainjika chai, nikasahau majani, nikanywa hivyo hivyo maziwa na maji ya moto mpaka kikombe kikaisha. Ukiwahi kung'olewa jino utanielewa. Fizi iko, ulimi unaigusa, lakini si yako. Mimi mzima niko hivyo tangu Jumanne. Watu wanasema pole, nasema asante. Wanasema amepumzika, nasema ndiyo. Mama mmoja wa kanisani alinishika mabega akanitikisa, ati, "Lia mwanangu, lia utoe," nikamwambia sawa, kama mtu aliyetumwa sukari dukani.

Sikulia. Sijalia mpaka sasa, na sioni dalili.

Naandika kwa sababu mikono inataka kazi. Wanaopita kwenye ukurasa huu mara kwa mara wanajua kwamba natunza stoo ya jikoni katika hoteli moja ya Diani, na ni jikoni humo nilimoanza mchezo wangu wa kukusanya majina tunayobandikana sisi watu wa Kwale. Kule hakuna anayeitwa jina alilopewa na mama yake. Mpishi wa samaki, Athumani wa Jego, ni Mvumba. Mwenyewe atakuambia jina limetoka Vumba, mji wa kale wa wazee wake kule kusini, na atanyoosha shingo akisema. Wenzake watakuambia ni vumba tu, harufu ya samaki, asijitukuze. Anayeosha vyombo ametoka Kinango, basi yeye ni Mnyika. Nyika ni kule kukavu nyuma ya vilima, kwenye miiba na ng'ombe, na watu wa ufuoni ndio waliowabandika wenzao jina hilo tangu zamani. Waliobandikwa hawakulipenda. Wao wanajiita kwa miji yao tisa, Mijikenda. Athumani akimwita Mnyika, jamaa anacheka mpaka sufuria zinamponyoka. Siku meneja mpya alipojaribu kumwita hivyo, alivua aproni akaiweka mezani, ikabidi abembelezwe hadi saa ya chakula cha mchana.

Mimi ni Mbara. Nimezaliwa Msambweni, kitovu changu kiko huku, nakuna nazi na kuchuja tui macho yamefumba, lakini wazazi wangu walitoka Makueni, na Makueni ni bara. Niliwahi kumlalamikia mzee mmoja wa Wasini kuhusu jina hilo. Alicheka sana. Akaniambia kwao kisiwani hata Mdigo wa Shimoni, anayetazamana nao, ni mtu wa bara tu. Halafu nikienda Makueni, binamu zangu wananiita Mswahili na kuniuliza kama nimekuja na jini langu au nimeliacha nyumbani. Niliyaandika hayo yote hapa, tukacheka.

Lakini liko jina moja ambalo sikuligusa. Mmeniuliza kwenye maoni tena na tena. Kwa nini sisi wa skimu ya mashamba, huku juu kati ya Msambweni na Kikoneni, tunaitwa Wakatamnazi? Mmoja wenu aliandika kwamba ni kwa sababu watu wa bara hatuli nazi. Mwingine akasema ni kwa kuwa tulikuja kuimaliza pwani. Nilisoma, nikanyamaza. Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Jibu lilikuwa limekaa barazani kwetu, linanusa ugoro na kupiga chafya.

Jibu ni baba yangu. Ni yeye peke yake. Nyinyi wengine wote wa skimu mmebebeshwa jina la mtu mmoja na panga lake.

Baba alikuja huku kijana, msitu ulipokuwa ukigawanywa mashamba. Jina lake Mutisya. Kwao Makueni mti ulio shambani mwako ni mti wako, hakuna mjadala. Basi katikati ya shamba alilopewa palikuwa na mnazi, mrefu, umezaa vizuri, unayatilia kivuli mahindi yake. Akaukata. Alikuwa akisimulia kwamba ulianguka vizuri mno, pale pale alipoulenga, akajisifu moyoni, akaenda zake kunywa uji.

Uji haujapoa akasikia kilio. Si kilio cha kuumia kidole, ni kilio cha msiba. Akatoka mbio, akamkuta mwanamke wa Kidigo ameketi juu ya gogo la mnazi, leso kichwani, analia kama anayelilia maiti.

Huku kwetu shamba linaweza kuwa la huyu na mnazi uliomo ukawa wa yule. Mnazi una mwenyewe, unarithiwa peke yake, hata ardhi ikigawanywa mara ngapi. Na ule ulikuwa umepandwa siku mwanamke huyo alipomzaa mwanawe, Bakari. Wazee wa huku husema kukata mnazi ni sawa na kumuua mama. Baba hakuyajua hayo. Angeyajulia wapi?

Wazee wakakaa. Baba alifunga nguo zake kabisa, alijua anafukuzwa. Hawakumfukuza. Walimhukumu apande mnazi mwingine pale pale, aumwagilie maji kwa mkono wake mpaka uzae, na ukizaa, nazi zote ni za Bakari. Shamba la Mutisya, mnazi wa Bakari. Baba akakubali haraka haraka, kwa kuwa hakujua mnazi huchukua muda gani kuzaa. Na hakuna aliyemwambia. Wajanja wale!

Basi akakaa akiungoja. Katika kuungoja akaoa, akanizaa mimi, akajifunza kula wali wa nazi. Naye Bakari akawa anakuja kila siku kumwangalia mwanawe, yaani ule mche, anakaa chini ya upenu wetu, miguu kaikunja, huku baba akipanda kutoka kijitoni na debe begani.

"Mkatamnazi!" Bakari anapaza sauti. "Mtoto wangu amekunywa?"

"Amekunywa, Mzee Kivuli," baba anajibu. "Wewe endelea kukaa."

Walikuwa vijana wote wawili, wala hapakuwa na mzee pale. Lakini Bakari hakupata kuonekana juani kwenye shamba lile, na jina likamganda. Hivyo ndivyo walivyokuwa watani. Utani huku ni kitu kizito. Mtani anaingia kwako bila hodi, anabeba kuku wako, anakutukana mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Na ukifa, mtani ana kazi yake. Anakuja kaburini, anazuia maziko, anakutusi kwa mara ya mwisho hadi watu wako wamtoe kwa kitu. Asiye na mtani kaburini ni mgeni, kwa sababu mgeni hatukanwi. Mgeni anaambiwa karibu na kupewa kiti.

Mnazi ukazaa, Bakari akachuma, lakini aliendelea kuja. Watu wa Msambweni waliokuwa wakipita wakasikia jina, wakatubandika sote wa skimu. Ndiyo habari yenyewe. Sikuwahi kuiandika kwa kuwa baba alikuwa hai, na niliona aisimulie mwenyewe.

Jumanne iliyopita alianguka akipalilia mihogo. Hakuamka.

Baba mdogo, Kioko, alifika Alhamisi asubuhi kutoka Makueni na gari la kubebea maiti. Sitamsema vibaya, alimpenda kaka yake. Alikaa sebuleni kwetu na kofia yake magotini, akasema mtu huzikwa kwao. Mama akamwuliza kwao ni wapi. Hapo akakasirika.

"Nyinyi mnaitwa Wabara mpaka leo," alisema. "Hata jina ya ndugu yangu hawa watu hawataki kutaja, walimpatia yao. Mkimzika hapa mtakuwa mmezika mgeni. Na hakuna mtu wa huku atamwaga machozi, mtaniambia."

Mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso. "Azikwe hapa," alisema. "Kule nani atamtusi?"

Baba mdogo alinitazama kana kwamba mama ameshikwa na kichaa cha msiba. Akasema haya, lakini gari lake linabaki mpaka Jumamosi, endapo tutabadili nia. Nami nikawa namimina chai. Sikuwa upande wowote. Maneno yalikuwa yakipita juu ya kichwa changu kama redio ya jirani.

Halafu akaja Mwanasha.

Mwanasha ni binti wa Bakari, tumekua pamoja, tumechapwa pamoja. Alikuja na sinia la mahamri kichwani, na alipofika kwenye kipito cha ua akapaza sauti kama inavyopasa. "Hodi! Yuko wapi huyo Mkatamnazi aliyekufa bila ruhusa?"

Baba mdogo aliruka kitini. "Wewe! Hauna adabu? Mtu amekufa na unamtusi mlangoni kwake? Hapa hakuna mtu ataita ndugu yangu hiyo jina tena. Umesikia? Toka!"

Mwanasha alinitazama. Nilikuwa nimeshika birika. Nilipaswa kusema kitu, neno moja tu lingetosha, na nilikuwa nalijua neno lenyewe. Lakini ni kama kinywa kilikuwa cha mtu mwingine. Akatua sinia taratibu, akasema, "Samahani, baba," akaenda zake.

Na baada ya hapo, loh! Watu wakaja kwa adabu.

Walikuja makundi makundi jioni hiyo na asubuhi yake, wanaume kwa kofia zao, wanawake na leso zao, wakavua viatu, wakakaa upande. Shikamoo. Marahaba. Poleni kwa msiba. Mola awape subira. Marehemu Mzee Mutisya alikuwa mtu mwema. Mzee Mutisya! Sikuwahi kulisikia jina hilo vinywani mwao hata siku moja, na sasa walikuwa wakilitamka vizuri, kwa uangalifu, kama watu wanaobeba kikombe cha wenyewe. Kila walipolitamka niliona wamemsogeza baba hatua moja mbali na sisi. Bakari naye alikuja. Alikaa mwisho wa mkeka, akanywa maji, hakusema hata neno moja la mzaha, akaaga. Bakari ambaye alimtukana baba siku ya harusi yangu hadi askofu akashika tumbo!

Baba mdogo aliridhika. "Mnaona? Ukiwaambia, wanasikia."

Hapo nilielewa kilichotokea. Sikuhisi, nilielewa tu, kama unavyoelewa hesabu. Kesho yake tungemzika. Kama Bakari hangekuja kaburini kama mtani, baba angezikwa kwa heshima zote, kiti na karibu, kama mtu aliyekuja kutembea. Na baba mdogo angekuwa amesema kweli. Na mama angeishi miaka yake iliyobaki kando ya kaburi la mgeni.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda kwa Bakari kuomba radhi.

Alinipokea vizuri mno. Kiti kikaletwa. Kiti! Mimi ambaye nimezoea kukaa kwenye kibao cha mbuzi chake cha kukunia nazi. Nikasema shikamoo, akasema marahaba mwanangu, poleni sana. Chai ya tangawizi ikaja kwenye vikombe vya wageni. Mwanasha aliileta, akaniambia karibu, akarudi ndani.

Nikaanza. Nikasema baba yangu mdogo hakukusudia, kwao desturi ni nyingine, tunaomba mtuwie radhi.

"Hakuna neno," Bakari akasema. "Yule ni mgeni, mgeni haambiwi. Na nyinyi mko kwenye msiba. Hatuwezi kuwaongezea uzito."

"Lakini kesho..."

"Kesho tutakuja, inshallah. Tutakaa kwa heshima zetu."

Kwa heshima zetu. Nikaitazama chai. Kadiri nilivyomwomba radhi ndivyo alivyozidi kuwa mpole, na kadiri alivyokuwa mpole ndivyo mlango ulivyozidi kufungwa. Ningekaa pale mpaka magharibi tukipeana heshima hivyo hivyo.

Nikasimama, nikaaga, nikafika kwenye kizingiti. Sijui niliyatoa wapi maneno. Katika maisha yangu sijamtukana mtu mzima, sikulelewa hivyo. Wala jina lile halikuwa langu kulitumia, lilikuwa la mtu mmoja tu, naye alikuwa mochari Msambweni. Nikageuka.

"Na wewe Mzee Kivuli," nikasema, "kesho usituletee uvivu wako. Jua litawaka na hakuna wa kukuwekea kivuli. Aliyekuwa akikuhurumia amekwenda."

Ndani nikasikia kitu kimeanguka, pengine kijiko. Bakari alinitazama, uso haukusema chochote, wala hasira wala cheko. Nikaondoka. Njia nzima nilikuwa nikiwaza kwamba nimeharibu, kwamba sasa hata heshima hatuna. Niliyawaza hayo kwa utulivu wa ajabu, kama ninayekagua iwapo stoo imebaki na unga.

Jana jua liliwaka kweli. Turubai ilifungwa, kwaya ikaja na sare zake, mchungaji akahubiri juu ya makao mengi. Majirani walikaa nyuma, wengi, safi, wametulia. Nilitafuta kofia ya Bakari, haikuwapo. Nikamtafuta Mwanasha, hakuwapo. Baba mdogo aliniona nikigeukageuka, akatikisa kichwa kidogo, kwa huruma hasa. Ile huruma ndiyo ilikuwa mbaya kuliko yote.

Mchungaji akamaliza. Vijana wa kanisa wakashika kamba. Jeneza likainuliwa.

"Ngojeni!"

Watu wote wakageuka. Bakari alikuwa anakuja katikati ya mihogo na fimbo yake, kwapani ana mche wa mnazi umetoa majani mawili. Nyuma yake Mwanasha, kabeba kiti cha plastiki na mwavuli. Mwavuli mkubwa, wa rangi nyekundu, ule wa wauza kadi za simu barabarani. Alifika ukingoni mwa kaburi, Mwanasha akatua kiti, mzee akaketi, mwavuli ukafunguliwa juu ya kichwa chake. Akakunja miguu.

"Nimeambiwa leo hakuna wa kuniwekea kivuli," akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwaya. "Nimekuja nacho."

Halafu akaligeukia jeneza.

"Wewe Mkatamnazi! Nani kakuruhusu kuingia chini kabla yangu? Umemuua mama yangu, nikasamehe. Umekula kuku wangu, nikasamehe. Umekaa pwani mpaka meno yakaisha, na Kiswahili chako bado kinachechemea kama mbuzi mwenye jiwe kwatoni. Sasa unatoroka? Hakuna kushuka hapa!"

Upande wa nyuma mtu alicheka. Kisha mwingine. Kisha ni kama mtu amekata kamba. Mkatamnazi huyo! Mwulizeni juu ya siku alipopika ugali kwa tui! Mwulizeni alivyokimbia kaa ufuoni! Wanawake wakapiga vigelegele. Watu waliokuwa wamekaa siku mbili kama picha ukutani wakasimama, wakasogea, wakazunguka kaburi, kila mmoja na tusi lake. Mchungaji, ambaye ni wa Kitui na hana mwaka hapa, alishika Biblia kwa mikono miwili na kutazama angani.

Baba mdogo alikuwa amekwisha kuinuka. Mama akamshika pindo la koti.

"Kaa, Kioko," akamwambia. "Wanamzika."

Akakaa.

Kumtoa mtani lazima utoe kitu. Mama alikuwa amejiandaa, tangu lini sijui. Alifungua leso yake akatoa panga, lile lile la zamani, limenolewa mpaka limebaki jembamba kama kisu cha samaki, mpini umefungwa kwa mpira. Akampa Bakari kwa mikono miwili.

Bakari alilipokea. Akaligeuza. Alikuwa bado na tusi mdomoni, nililiona kabisa linakuja. "Hili ndilo..." akasema. "Hili ndilo panga..." Halikutoka. Uso ukamvunjika, mwavuli ukainama, na yule mzee akalia mbele ya watu wote, kwa sauti, kamasi na machozi, panga likiwa mapajani.

Nikamtazama baba mdogo. Hakunitazama. Alikuwa anaifuta kofia yake ambayo haikuwa na vumbi.

Tukamzika baba. Bakari mwenyewe alipanda ule mche kichwani pa kaburi, akaushindilia udongo kwa kisigino. Akajifuta mikono.

"Mnazi ni wangu," akasema. "Shamba ni lenu. Anamwagilia nani?"

Nilidhani ni mzaha tu. Watu wakaenda kula.

Leo asubuhi baba mdogo ameondoka na gari lake tupu. Mlangoni aliniuliza, "Huyo mzee atakuwa anakuja kila siku?" Nikamwambia kila siku. Akafikiri. Akasema, "Haya." Akaniambia pia nimpelekee Mwanasha sinia lake na salamu zake, akitaka nimwambie kwamba mahamri yalikuwa mazuri. Ndivyo anavyoomba radhi, nadhani.

Baadaye nikakaa na mama sebuleni. Manyunyu yanapiga mabati. Hapo ndipo sauti ikatoka kwenye kipito, kavu, ya kila siku ya maisha yangu.

"Mkatamnazi!"

Mwili ulikaa tayari kumsikia baba akijibu. Miaka yote anajibu hata kabla jina halijaisha. Nikasikiliza chumbani, nikasikiliza barazani. Mvua tu.

"Mkatamnazi! Mtoto wangu amekunywa?"

Mche una siku moja ardhini na mvua inaunyeshea tangu asubuhi, na mzee huyu amesimama nje chini ya mwavuli mwekundu anauliza kama umekunywa. Nikamgeukia mama nimwambie kwamba Bakari amechanganyikiwa, amesahau. Mama alikuwa ananitazama. Alikuwa ananitazama tangu mara ya kwanza.

Hakuwa anamwita baba.

Nilisimama, nikaenda mlangoni.

"Amekunywa, Mzee Kivuli," nikaitika. "Wewe endelea kukaa."

Akaketi chini ya upenu, akakunja miguu. Nikampelekea chai, safari hii nikakumbuka majani.

Ganzi haijatoka, msinipe hongera. Lakini yule aliyeng'olewa jino anajua kwamba kuna wakati pembeni kabisa mwa fizi kunaanza kuwasha kidogo, halafu kuuma kidogo. Imeanza. Naiogopa.

Kesho nitaamka mapema. Mvua ikikatika, nataka debe liwe limefika kwenye mche kabla yule mzee hajapata la kusema.